Minyororo Mipya kwa Watoto

Alhamisi, 20 Novemba

Minyororo imefika! Baba ameifuata dukani mwenyewe, akarudi anatembea mbele ya mkokoteni kwa mikogo, utadhani mgeni rasmi. Mipya, mizito, bado ina mafuta ya kiwandani. Nimeshika mmoja nikaugeuzageuza mkononi mpaka Mama akauliza kama tuachwe peke yetu. Acha acheke. Wengine wanapenda dhahabu.

Kasoro moja — inatosha nusu ya viti vya bembea. Duka limeishiwa, na mwenye duka anasema mzigo mwingine labda baada ya mwaka mpya. Sisi bembea yetu ya kuzunguka tunaifungua Jumamosi ya wiki ijayo, shule zikifunga.

Baba hakuumiza kichwa. Mipya iende kwenye viti vidogo, vya watoto. Viti vikubwa vibaki na ya zamani. Sababu yake: mtoto ni mwepesi, bembea ikizunguka anapeperuka juu, kwa hiyo mnyororo wake ndio unaopata taabu. Mtu mzima ana uzito wake, anatulia. Nikasema sawa. Na sikusema kumridhisha, niliona sawa kweli. Nimekua chini ya bembea hii, nimeipaka grisi tangu nilipoanza kufika kwenye bolti, na sijawahi kusimama nikaangalia nani hasa yuko juu ya nani. Halafu nani atabishana na mtu anayesema watoto kwanza?

Nimefunga vichache tu kabla ya mvua. Kikubwa, kidogo, kikubwa, kidogo — ndivyo vilivyopangwa kuuzunguka mlingoti, kwa hiyo ngazi inaruka kiti kimoja kila mara. Mabega yanawaka moto.

Ijumaa, 21 Novemba

Viti vidogo vyote tayari. Vimependeza! Nimekata minyororo mwenyewe kwa kipimo kimoja, urefu sawa na ile ya zamani, hata kidole hakizidi.

Baba alikuwa amenificha jambo. Jioni akalitoa kwenye gunia — puli mpya ya mota, lile gurudumu linalovuta mkanda. Kubwa, mara moja na nusu ya ile iliyopo. Kumbe alikwenda kwa fundi wa kukereza chuma bila kuniambia. Nikamuuliza ya nini. Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Wale wenzetu wameleta mashine yao mpya, taa mpaka kwenye vidato vya ngazi, na watu wote wamehamia huko. Baba anasema kule watu wanapiga kelele, kwetu wanapiga miayo. Bembea iende kasi au tuiuze chuma chakavu.

Alisema "tuiuze" huku ameweka mkono kwenye mlingoti. Nilimhurumia. Yeye na kaka yake marehemu ndio walioichomelea, kipande kwa kipande. Nikamwambia Jumatatu nitaifunga puli yake.

Jumapili, 23 Novemba

Siku ndefu. Kichwa kinazunguka kuliko bembea.

Wifi alikuja kula kwetu. Dada wa mume wangu, mwalimu wa fizikia, mwembamba kama ufito na mdomo hauna breki. Alikuta Baba anaelezea mambo ya minyororo mipya, akaweka kijiko chini. Akauliza: Baba, unasema mwepesi ndiye anayepaa zaidi? Baba akasema ndiyo, hilo hata kuku analijua. Wifi akasema basi tuone.

Wakawekeana dau! Atakayeshindwa ataosha vyombo vyote. Baba aliona ameshashinda. Tukamkalisha mume wangu kwenye kiti kikubwa (na yeye ni mzigo haswa, kitanda chetu ni shahidi) na Wifi kwenye kiti kidogo jirani, alienea bila shida, na magunia ya mchanga upande wa pili ili mlingoti usiyumbe. Nikawasha kwa puli ile ile ya zamani. Viti vikatanuka. Nikapiga picha kwa simu kutoka chini.

Minyororo imeinama sawasawa. Sawasawa! Wa mume wangu na wa Wifi, ukichora mstari mmoja unapita juu ya mwingine. Mtu na nusu mtu, wamepaa mpaka pale pale. Nikairudia picha ile mara ngapi sijui.

Baba akasema simu imeshikwa kombo. Nikawasha tena, nikapiga tena. Akasema Wifi amekula sana leo. Mama akamkabidhi sifongo.

Halafu kuna kandambili. Katika mzunguko ule wa pili kandambili ya mume wangu ikachomoka mguuni. Wote tukageuza shingo upande wa nje, kwenye uzio wa mabati, kwa sababu ndiko vitu vinakorushwa. Hakuna kitu. Imeangukia mbele, usawa wa pale kiti kilipokuwa kinaelekea, karibu na kibanda cha tiketi, ambako watu hupanga foleni. Wifi akashuka mbio na furaha yake, hata kizunguzungu hana. Nani aliirusha? Hakuna aliyeirusha, anasema. Kila kitu kinachokwenda kinataka kuendelea kunyooka, kasi ile ile, njia ile ile, mpaka kitu kingine kikilazimishe. Kandambili ilikuwa inalazimishwa na mguu, mguu na mtu, mtu na kiti, kiti na mnyororo. Ilipoachiwa ikanyooka zake. Basi.

Nikamwambia lakini nikikaa pale nasikia kabisa nguvu inanisukuma nje. Akasema sema kani, na hakuna inayokusukuma nje. Wewe unataka kunyooka, mnyororo unakukatalia, unakuvuta kuelekea katikati, kila nukta, bila kupumzika. Hata kama kasi haibadiliki, mwelekeo unabadilika muda wote, na kubadilisha mwelekeo hakuji bure. Nikasema haya, mwalimu. Nilikuwa nimeshachoka naye kidogo.

Ila akauliza la mwisho, tukiwa tunakausha vyombo nyuma ya Baba. Watu wawili wako kwenye njia moja, kwa kasi moja, mmoja mzito na mmoja mwepesi. Yupi ni kazi zaidi kumpinda?

Mzito. Bila shaka mzito. Mkokoteni uliojaa na mkokoteni mtupu, upi unakuvunja mgongo kwenye kona?

Nikabaki na sahani mkononi. Minyororo mipya nimeifunga kwenye viti ambavyo havina shida kubwa. Ile iliyochoka nimewaachia wanene. Kwa mikono yangu.

Jumatatu, 24 Novemba

Sikufunga puli.

Nilimwambia Baba asubuhi, kabla hajamaliza chai, na hilo lilikuwa kosa. Nilimweleza kama nilivyoelewa. Wanapaa sawa, lakini mzito anauvuta mnyororo zaidi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa: kwa hiyo mama zao wakija Jumamosi, nawaambia watoto wao nimewawekea minyororo mibovu na mizuri nimewapa wanaume wenye vitambi?

 Nami sitaki. Nikifikiria binti yangu juu ya mnyororo ule wa zamani, nataka kumshusha, hata kama hesabu inasema yeye ni mwepesi na utamweza.

Nikasema basi viti vikubwa tusivitumie, wakae watoto tu. Akasema bembea ya watoto wachanga ipo kwenye ua wa kila shule. Nikasema basi tuache puli ya zamani. Akasema tumeshayaongea hayo. Huyo wifi yangu, anauliza Baba, amewahi kuning'iniza mtu hata mmoja hewani? Yeye Baba amening'iniza mji mzima na hakuna aliyeanguka.

Ni kweli. Hakuna aliyeanguka.

Mama alikuwa anashona mikanda ya turubai ya viti, pale pale, sindano kubwa inaingia inatoka.  Mama akinyamaza hivyo ujue anapima.

Jumatano, 26 Novemba

Wifi ameniambia kwenye simu kwamba kasi ndiyo mbaya kuliko uzito. Mzito mara mbili anavuta mara mbili. Lakini kasi ikiwa mara mbili, mvuto ni mara nne, kwa sababu kasi inazidishwa kwa kasi yenyewe. Puli ya Baba inaongeza kasi kwa nusu. Hiyo peke yake ni zaidi ya mara mbili ya mvuto wa kuelekea ndani, na viti vikitanuka zaidi, duara linakua na mvuto unapanda tena. Baba siku zote anasema "nusu tu". Nusu tu ya kasi, nusu tu ya taabu. Mimi pia ningesema hivyo, kama si huyu mwanamke.

Nikaamua kupima. Maneno ya simu Baba hayataki, basi aone sindano ya mzani.

Nikaazima mzani wa ndoano kwa muuza nyama. Nikautundika kwenye kiti kikubwa, kati ya mnyororo na gunia la mchanga, na gunia jingine sawa na hilo upande wa pili. Simu nikaifunga kwa utepe juu ya gunia, kamera inautazama mzani. Baba alikuwa kwa fundi umeme, nikafunga puli mpya mwenyewe kwa jaribio. Kwanza nilishapima kwa puli ya zamani. Sindano ilisogea kidogo tu juu ya uzito wa gunia, hata nikaona aibu kwa kelele zote nilizopiga. Ndiyo maana imeshika miaka yote hiyo! Kisha puli mpya.

Bembea ilikuwa nzuri. Niandike ukweli. Viti vilifunguka mpaka minyororo karibu ilale, upepo ukavuma, hata mimi nikataka kupanda. Nikazima, nikatazama video. Sindano imetulia karibu na mara mbili ya uzito wa gunia, inatetemeka, haishuki mpaka bembea iliposimama. Muda wote ule, mzunguko baada ya mzunguko, kama gunia limebeba gunia mwenzake. Na hilo ni gunia. Mume wangu si gunia.

Nikapanda ngazi kuangalia pete za juu, pale mnyororo unaposhika mkono wa chuma. Mnyororo unalivuta gunia, gunia nalo linauvuta mnyororo vile vile, na mnyororo unaivuta pete. Wifi anasema hapo hakuna punguzo, unachovuta kinakuvuta sawa. Pete za viti vidogo, zilizokuja na minyororo mipya, ni duara safi. Za viti vikubwa zimelika upande mmoja. Ile ya kiti chekundu imelika mpaka unene wa kalamu. Nimeipitisha kucha, kuna mfereji.

Baba aliporudi nikamwonyesha video. Akaitazama. Akaomba aitazame tena. Nikajua sasa ameona. Akarudisha simu, akasema: mzani wa muuza nyama huu, lini umewahi kusema kweli?

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mume wangu naye akacheka. Baba akaona amemaliza kesi, akaenda kunawa.

Nimeiondoa puli mpya, nimerudisha ya zamani. Nimelala na hasira mara chache maishani. Leo ni mojawapo.

Alhamisi, 27 Novemba

Ameifunga mwenyewe. Nilikwenda kurudisha mzani, niliporudi nikakuta puli kubwa iko kwenye mota, mkanda umekazwa, vizuri kabisa, kazi yake haina dosari. Amenuna. Nimenuna. Mama anatupakulia kama watu wa nyumba mbili.

Pete nimeziulizia kila duka. Hakuna za unene ule. Mchomeleaji wa stendi anasema anaweza kutengeneza, wiki mbili.

Ijumaa, 28 Novemba

Naandika nikiwa kibandani. Mchana. Fyuzi ya swichi kuu iko kwenye mfuko wa ovaroli yangu, naishika kila baada ya muda kuhakikisha.

Ilikuwa hivi. Asubuhi Baba alikuja kwangu, ametulia, amevaa shati la kutokea. Akasema hataki tuingie kesho tukiwa hatuongei. Anajua nina hofu, na hofu yangu si dharau, anajua. Kwa hiyo yeye mwenyewe atakaa kwenye kiti kikubwa, mnyororo wa zamani, puli mpya, kasi yote. Akishuka salama, kesho tunafungua na hadithi za wifi yako mwalimu ziishe. Nikimkatalia, kesho atamwita mtu mwingine wa kuwasha, na watu watakuwa wameshakaa.

Akaenda kukaa. Kiti chekundu! Katika vyote! Nikamwambia si hicho, pete yake imelika. Akasema ndiyo sababu. Akafunga mkanda, akakunja mikono kifuani. Mnyororo ukalia kidogo alipotulia. Baba yangu ni mzito. Zamani nilijivunia hilo, hakuna mtoto aliyekuwa na baba mkubwa kama wangu.

Nikachomoa fyuzi nikaja kukaa hapa.

Nimewaza hivi: pengine atashuka salama. Chuma hakikatiki kwa sababu mtu ana wasiwasi. Kinaweza kushika leo, na kesho asubuhi, na kesho mchana, kila mzunguko mfereji ule unaongezeka kidogo, halafu kesho jioni kikaachia na mtu wa watu akanyooka kwenda kwenye foleni. Na mimi ndiye niliyewasha leo, nikampa Baba ushahidi wake. Nisipowasha, atawashiwa na mwingine. Nampenda mzee huyu na ninatamani kumzaba kibao.

Ameita. Anasema niwashe, jua linampiga. Nimesema sina fyuzi. Anasema fyuzi iko mfukoni, ameniona. Anasema ananisubiri mpaka usiku.

Mume wangu amempigia Wifi. Wifi anasema tusiwashe, anakuja, ana kipindi kimoja kimebaki.

Baba ameita tena. Sasa anasema kuna jambo tumesahau. Hawezi kuzungushwa peke yake, mlingoti utavutwa upande mmoja, utayumba. Hapo yuko sawa kabisa na ndivyo tunavyofanya siku zote, mnene huku na mnene kule. Anataka mume wangu akae upande wa pili. Mume wangu amesema mguu unamuuma. Mwongo, na nampenda kwa hilo. Anataka magunia ya mchanga, basi. Nimesema magunia yamelowa, yamepasuka. Mimi pia mwongo.

Mama ametoka ndani na mkanda mmoja wa turubai alioumaliza. Amesimama akatuangalia wote, Baba juu ya kiti, mume wangu anachechemea mguu usio na jeraha, mimi na daftari dirishani. Ameuliza kinachosubiriwa. Baba amemwambia: mtu wa kukaa upande wa pili.

Mama amesema: "Si mngesema?"

Anatembea sasa. Amezunguka mlingoti, amefika kwenye kiti kikubwa kinachotazamana na cha Baba, kile cha kijani. Mnyororo wa zamani, pete ya zamani. Ameshika mnyororo, anainua gauni lake apande. Nimesimama, naandika nikiwa nimesimama—

Baba amepiga kelele! "We mama, si hicho! Kaa hicho kidogo cha pembeni, chenye minyororo mipya!"

 Mume wangu ameacha kuchechemea.

Mama hajaachia mnyororo. Mguu mmoja chini, mmoja juu ya ubao. Anamuuliza Baba, sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi: "Kwani hiki kina nini?"

 Baba amekunjua mikono. Anatazama juu, kwenye pete ya kiti chake, na Mama anamsubiri.